Nyanya Aliyetafsiri Rap Yangu Sagalla

Mama,

Natumai mgongo umetulia. Leo nimerap kanisani Sagalla, mlimani karibu na Voi. Jua ni kali, na maji tunapimiwa kwa kikombe. Nilipofika ule ubeti wangu wa mbio, nyanya mmoja akasimama, akasema mimi nanena kwa lugha za Roho na yeye amepewa tafsiri. Pasta akachukua maiki yangu, akampa. Nyanya akatangaza, “Anasema mama yake hajawahi kumsikiliza mpaka mwisho.” Kanisa zima likaitikia amina. Sikuwaambia kilikuwa Kiswahili tu.

Ubeti wenyewe ni ule ambao huwa unauzimia redio ukisema ni kelele. Miaka tisa naurap, na niliuandika kwa ajili yako. Nikirudi nitakusomea polepole.

Mwanao,
Kevo