Madaftari ya Darasa la Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Chaki zimebaki boksi moja na nusu. Nimezigawa leo asubuhi, vijiti vinne kwa kila mwalimu, vya wiki nzima. Mwalimu wa Sayansi amevitazama vyake, kisha akanitazama mimi. Akavitia mfukoni. Afadhali angelalamika.

Darasa la kwanza bado wanaandika chini. Watoto themanini na saba wamechuchumaa nyuma ya jengo, kidole kwenye udongo. Mwalimu Zuhura anapita katikati yao, anasahihisha, anafuta kwa mguu. Mvua ikinyesha hakuna kuandika. Hii ni wiki ya nane.

Kosa ni langu. Kwenye mkutano wa wazazi wa Januari nilisimama nikasema msinunue madaftari ya darasa la kwanza, elimu ni bila malipo, shule itanunua. Nilisema kwa mbwembwe. Hakuna aliyenituma. Wakapiga makofi wakaenda zao.

Ruzuku imeingia leo. Ndogo kuliko niliyoipangia. Nimefurahi kwa dakika tano hivi.

Jumanne, 4 Machi

Kamati ya shule imekaa kwa saa tatu. Ugomvi wa adabu tu. Mwenyekiti, Mzee Leonsi, anataka mlango wa choo cha wasichana. Ana haki. Mwalimu wa taaluma anataka wino wa mitihani. Naye ana haki. Kila mtu ana haki na fungu ni lile lile.

Nimekata karatasi za manila. Nimekata mafagio, wazazi watatuletea. Nimekata rangi ya ubao. Mlango umebaki, chaki zimebaki, madaftari yamebaki, matatu kwa kila mtoto. Hapo fedha ikaisha, na usafirishaji haujaguswa.

Nikatoa wazo mwenyewe. Malori yanashusha kabichi na karoti Dar, yanarudi huku kwetu Mgeta matupu. Tumpe Shedrack, dereva wa lori, maboksi yetu, apitie Morogoro, tumlipe ya soda. Wote wakasema mwalimu mkuu ana akili. Imeandikwa kwenye muhtasari, na jina langu juu yake.

Alhamisi, 6 Machi

Mjini. Nimeshuka kwa gari la alfajiri, kiuno kimeumia. Maduka matatu kwa ajili ya bei za ushindani, kama taratibu zinavyotaka. La kwanza ghali. La pili halina risiti ya mashine. La tatu mwenye duka kafunga saumu, mdomo mkavu, hana nguvu ya kubishana, na mimi sina nguvu ya kumbembeleza. Tumeelewana upesi. Kwaresima yangu na Ramadhani yake zimetusaidia.

Benki foleni hadi saa nane. Malipo yakapita. Nimehesabu madaftari mwenyewe, dazeni baada ya dazeni, nimekagua mistari. Karatasi nzuri, nyeupe. Nimenusa moja kama mtoto. Nilikuwa na furaha, niseme ukweli.

Nimemkuta Shedrack na lori lake, pale anaposhushia abiria. Maboksi ya chaki na ya madaftari nimeyaacha mikononi mwake. Fedha ya kulala mjini haipo kwenye bajeti, nikapanda gari la kurudi. Amesema, "Mama mkuu, usiwe na wasi, kesho saa nne niko sokoni."

Ijumaa, 7 Machi

Hajafika. Mvua tangu asubuhi. Simu yake haipatikani.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui niandike vipi.

Lori limefika sokoni saa sita. Mimi na Zuhura tulikuwa tunasubiri tangu saa mbili. Harufu ikatangulia. Mbolea ya kuku, viroba hadi juu, na turubai limepasuka katikati. Maboksi yetu yalikuwa chini kabisa.

Nimezaliwa huku. Baba yangu alilima njegere huku maisha yake yote. Kila mtu Mgeta anajua kwamba msimu wa kupanda malori hayarudi matupu, yanarudi na mbolea ya kuku. Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Mimi nilikaa kwenye kamati nikasema yanarudi matupu, na wakulima saba waliozunguka ile meza wakanisifu. Siwaelewi. Sijielewi na mimi.

Chaki zilikuwa kwenye nailoni, zimepona. Madaftari yamekunywa maji ya kinyesi siku mbili. Shedrack aliniomba radhi huku anaangalia tairi. Nilitaka kumfokea. Nikageuka kuvuta maboksi.

Akina mama wawili waliokuwa wanauza viazi wakajitwika maboksi bila kuombwa, wakatupandishia hadi shuleni. Maji ya kahawia yaliwatiririkia shingoni. Hilo ndilo limeniliza.

Jumapili, 9 Machi

Misa sikwenda. Zuhura alikuja na saumu yake, tukaanika madaftari uani kwangu kama maharage. Mawingu, jua kidogo, mawingu. Tunayageuza. Mengine yanafunguka, mengine yameshikamana yakawa kama mkate. Jioni tumehesabu yanayofaa, baada ya kunyofoa kurasa mbaya: thelathini na nane. Kati ya mia mbili sitini na moja.

Zuhura akaniambia nenda kapumzike. Binti wa miaka ishirini na sita ananituma nikalale. Nikaenda.

Jumatatu, 10 Machi

Fomu ya mapokezi ya vifaa. Mzee Leonsi akashauri tuandike vimepokelewa vyote, vizuri, yaishe. Duka lilitoa vizima, alisema, huo si uongo. Ananihurumia. Anajua hasara inaweza kukatwa kwenye mshahara wangu.

Nimekaa na kalamu muda mrefu. Nimeandika yaliyotokea, na mbolea nimeitaja kwa jina. Amesaini kwa kusikitika. Halafu nikamwomba aite wazazi wa darasa la kwanza Jumatano. Fomu ni karatasi. Wazazi ndio ninaowaogopa.

Jumatano, 12 Machi

Wamekuja wengi kuliko Januari. Akina mama tu, na baba wanne nyuma.

Nimesimama, nimesema yote. Niliahidi, nimeshindwa, madaftari yameharibika, fedha nyingine hakuna hadi sijui lini, kosa si la dereva, ni langu. Nikaomba mwenye uwezo anunue hata moja.

Wakawa wanatazamana. Nikajua sasa matusi yanakuja.

Mama mmoja wa safu ya mbele, mmoja wa wale waliobeba maboksi, akafungua kanga aliyofunga kiunoni. Akatoa madaftari matatu, yamefunikwa gazeti, jina la mtoto limeshaandikwa. Mwingine akatoa kwenye kikapu. Mwingine akasema ya kwake yako nyumbani, chini ya godoro.

Walinunua tangu Januari. Wiki ile ile ya mkutano. Watoto wao walikuwa wanaandika chini na madaftari yako ndani.

Nikauliza kwa nini. Yule mama akanijibu kwa upole mkubwa, "Shikamoo, mwalimu. Wewe ulisema tusinunue. Tungeyaleta, si ungeona tunakudharau?"

Nikaitikia marahaba. Hawakuniamini hata siku moja, na kwa kuniheshimu walificha. Ningependa wangenitukana.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Darasa la kwanza wamo ndani, wanaandika. Nimepita dirishani mara mbili bila sababu.

Watoto sabini na sita wana madaftari kutoka nyumbani. Kumi na mmoja hawana. Zuhura amenipa orodha yao, nimeisoma polepole. Hao kumi na mmoja, wazazi wao walinisikia Januari wakaniamini kweli, wakanunua mbegu.

Nimewapa yale tuliyoanika. Matatu kila mmoja, yamevimba, yana madoa, yananuka bado. Sina mengine. Nimeyagawa kwa mkono wangu, Zuhura alitaka kunisaidia nikakataa.

Mmoja, Sesilia, amelifungua la kwake, amelinusa, amekunja pua. Halafu ameinama akaendelea na herufi a.