Nimerudi Kuimalizia Sentensi

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika. Simu wameichukua mlangoni, wakaitia kwenye bahasha na kuandika jina langu kwa kalamu nene. Saa ya mkononi nayo wakachukua. Nikauliza, saa ina kosa gani? Dada wa mapokezi akasema ndio utaratibu. Daftari hili waliliona, wakadhani ni la kuchorea nguo.

Naandika chooni. Ndipo pekee pasipo na kamera. Maiki nimeitundika nje, kwenye kitasa. Humu naongea peke yangu, na karatasi.

Tuko wanane, wote tumeshapita hapa. Shindano lile lile la mafundi wa kushona, majaji wale wale, ila mwaka huu wamelibatiza Msimu wa Waliorudi. Utafikiri tumetoka vitani! Madirisha yamezibwa kwa karatasi nyeusi ili mwanga usibadilike. Sijui nje ni mchana au jua limezama.

Chumba nimepangiwa pamoja na Bi Harusi. Watazamaji ndio waliomwita hivyo, kwa lile gauni lililompa ubingwa. Mimi waliniita Binti Cherehani. Miaka sita sasa, hata sokoni. Wanaita huku wanacheka, nami nacheka nao.

Jumanne, 4 Machi

Leo kiti cha maswali. Dada wa maswali ni mpya, sauti yake tamu kama ya nesi kabla ya sindano. Sheria: ujibu kwa sentensi kamili, kwa sababu swali lake halitasikika.

Swali la kwanza tu — nieleze ile sentensi yangu maarufu.

Sijawahi kuiandika popote. Basi niiandike. Miaka sita iliyopita, kwenye kiti kama hiki, nilisema: "Sikulelewa na mama, nililelewa na cherehani." Hapo wakakata. Nilikuwa nimeendelea! Nilisema: maana mama alikuwa juu ya hiyo cherehani tangu alfajiri ili sisi wanne tule, na mimi nilikuwa nalala chini ya meza, kwenye vipande vya vitambaa, nikisikia miguu yake ikikanyaga, nikijua yupo.

Hayo hayakuonekana. Mama alikuwa kwa jirani siku hiyo, sebule imejaa watu waliokuja kumwona binti yake kwenye TV. Mdogo wangu ndiye aliyenisimulia. Kwamba mama aliinuka, akabeba kiti alichokuja nacho, akaenda nyumbani.

Nilimweleza. Mara tatu nilimweleza. Akasema, "Nimesikia, mwanangu." Tangu hapo nikipiga simu: hujambo, watoto hawajambo, haya. Mama yangu anaongea nami kama mteja aliyekuja kuulizia suruali.

Kwa hiyo waliponiita nirudi sikuuliza zawadi. Nilimwambia prodyuza, nataka kuimalizia ile sentensi. Akasema bila shaka! Watazamaji watapenda sana!

Leo nimemwambia dada wa maswali: bado. Siku ikifika nitasema yote.

Alhamisi, 6 Machi

Koti kwa saa sita. Nimeshona bitana kwa mkono kwa sababu mashine ilikuwa inaikunja. Jaji mrefu akaligeuza koti ndani nje. Halafu akasema kwamba ndani ni pazuri kuliko nje. Sikujua kama ni sifa. Nimepita.

Wa kwanza ametolewa. Alilia, wakamwomba arudie kutoka mlangoni kwa sababu kamera ya pili haikuwa tayari. Akarudia! Na machozi yakaja tena.

Jumapili, 9 Machi

Mapumziko. Hakuna kazi, hakuna TV, hakuna kitabu. Nimekunja nguo zangu mara nne.

Bi Harusi mbele ya kamera ni kicheko mwanzo mwisho. Leo alinifuata huku chooni, akatundika maiki yake pembeni ya yangu, akaketi kwenye ukingo wa beseni. Nilimuuliza, wewe ulishinda, umerudi kutafuta nini? Akaangalia kucha zake. "Mwenzangu," akasema, "mwaka wa kwanza nilikuwa siwezi kutembea barabarani kwa kuitwa. Mwaka wa tatu wakawa wananitazama tu, kama wanajiuliza wameniona wapi. Mwaka jana nilikwenda kununua uzi, muuzaji akaniuliza kama najua kushona."

Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Kisha hakuna aliyejua jinsi ya kuacha kucheka, maana tulijua kitakachofuata ni kimya.

Tukagongewa mlango: maiki zivaliwe.

Jumatano, 12 Machi

Bi Harusi ametolewa, ni wa tatu sasa. Kola. Kola tu! Upande mmoja ulizidi mwingine kwa upana wa kucha. Aliwakumbatia majaji, akatania, akapunga mkono. Hakuniangalia. Niliporudi chumbani kitanda chake kilikuwa kimeshavuliwa mashuka, godoro tupu. Hata kibanio cha nywele hakikubaki.

Tumebaki watano. Wengine wanne ni wanaume, wanalala chumba cha pili. Nasikia vicheko vyao ukutani.

Jumamosi, 15 Machi

Nimesema!

Nilikaa kitini, nikaitoa yote, kuanzia "sikulelewa" mpaka "yupo". Sikukwama. Dada wa maswali alijifuta macho kwa kidole cha kati, taratibu, asiharibu wanja. Akasema asante sana, dada yangu, imetugusa wote.

Fundi sauti ndiye huja kunivua maiki. Mtu mzima, mpole, hajawahi kuniambia zaidi ya "inua kidevu." Leo alikuwa anakunja waya polepole mno.

"Dada, naomba nikuambie kitu, usinitaje."

"Sema, kaka."

"Ulichosema ni kirefu. Hapa kitu kirefu hukatwa."

Nikamwambia, lakini prodyuza aliniahidi. Akatikisa kichwa. Akasema mezani kwa wahariri wameshaandika kitakachobaki, na ni maneno yale yale ya mwanzo, safari hii nikiwa na machozi.

Nikamuuliza, sasa nifanye nini? Akasema hajui, yeye ni mtu wa sauti tu.

Sijala. Nimelala ubavu nikitazama godoro tupu la Bi Harusi.

Jumapili, 16 Machi

Mimi ni fundi, kukata ndiyo kazi yangu. Na nimewapa kitambaa kirefu na kuwaonyesha mahali pa kupitisha mkasi! Mara mbili! Mwerevu haumwi na nyoka mara mbili katika tundu moja — basi mimi si mwerevu.

Nimeshinda nikijaribu kufupisha. "Mama yangu alinilea kwa cherehani." Watakata, watabakiza cherehani. "Cherehani ilikuwa mkono wa mama." Hiyo imekaa kama maneno ya kwenye kanga. Naona haya hata kuisoma.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya familia. Hawakutuambia. Tulikuwa tunapiga pasi, mlango ukafunguliwa, wakaanza kuingia mmoja mmoja. Mke wa yule wa meza ya kwanza. Kaka wa mwingine. Mimi pasi mkononi, natazama mlango, moyo unagonga mpaka nikaogopa maiki itausikia.

Akaingia mdogo wangu. Peke yake.

Nilimkumbatia, nikachungulia nyuma ya bega lake. Akaniambia sikioni, "Hakuja, dada."

Alipewa mwaliko, mama. Gari lilipelekwa mpaka mlangoni. Akawakaribisha watu wa kipindi ndani, akawapa maji, akasema hawezi kuja. Nikamuuliza mdogo wangu, kasemaje hasa? Akasita. Kasema, "Mwambie nitamsikiliza kwenye TV kama watu wengine."

Nikasema, atanitazama. Mdogo wangu akasema hapana. Atasikiliza. Macho yameharibika, dada, mwaka wa pili huu. Cherehani ameshaiuza. Alitukataza tusikuambie. Anakaa karibu kabisa na TV, ameinamisha kichwa, na kila kipindi chenu kinachorushwa wiki hizi anasikiliza mpaka mwisho. Ukiongea wewe anatunyamazisha wote.

Kamera ilikuwa hapo hapo, karibu na shavu langu. Sikulia. Nilishika kola ya mdogo wangu nikaikunja vizuri, ikajikunjua, nikaikunja tena.

Dakika kumi na tano, wakaondoka. Miaka miwili nampigia simu mama haoni, na mimi nasema haya, haya, nakata!

Jumanne, 18 Machi

Kesho fainali, tuko watatu. Leo kiti cha mwisho.

Usiku kucha nilikuwa nafupisha. Asubuhi nikapiga mswaki, na neno likaja lenyewe. Neno moja, lakini ndani yake yupo yeye, nimo mimi, na kazi yote aliyoifanya. Hakuna pa kuingiza mkasi.

Dada wa maswali akasema, leo tuongee kuhusu mama. Taa zikawashwa. Nikaitazama maiki, si kamera. Nikasema:

"Ulinilea."

Akasubiri. Akanifanyia ishara kwa mkono, endelea. Nikakunja mikono mapajani.

Akasema, dada yangu, ni nzuri lakini ni fupi mno, haitatumika hivyo. Nani alimlea nani? Watazamaji hawataelewa. Ongeza kidogo tu. Nikasema tena, ulinilea. Akaangalia wenzake. Akasema nisipoongeza kitu watalazimika kutumia ile ya Jumamosi. Alisema kwa upole. Naamini hata yeye hakupenda kuisema.

Nikaomba dakika kumi. Maiki nimeivua kwa mkono wangu, ipo kwenye kitasa. Nimekaa kwenye ukingo wa beseni.

Nikiongeza, watakata. Nisipoongeza, wanayo ile ndefu, na mkasi wanao. Na mama ataketi karibu na TV, atawanyamazisha wote.

Wanagonga. Ni fundi sauti, si dada wa maswali — naijua sauti yake. Anasema, "Dada, wanakuita." Kisha, chini chini, ananiuliza kama mama anayo simu; sauti nzima, isiyokatwa, anayo yeye.

Namba yake naijua kwa kichwa. Nachana ukurasa —