Taya la Kauri

Uingereza,
14 Machi 1998

Mdogo wangu Sikudhani,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima pamoja na mama, na goti lake linalomsumbua wakati wa mvua liwe limetulia. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila baridi ya huku bado inanilaza na soksi. Mshamu wa Ikwiriri, anayesoma mji wa jirani, ameniambia kuwa mvua za Elinino zimekata barabara na magari yanalala Kibiti. Kama korosho zetu zimeoza kabla wanunuzi hawajafika, mwambie mama asijitese kwa mawazo.

Uliniuliza ninashinda nikifanya nini, maana huko Mtawanya watu wanasema nimekuja kusomea vyungu. Hawajakosea sana. Tunachukua unga wa kauri, laini kuliko unga wa muhogo, tunaukoroga ndani ya rezini, yaani gundi ya maji inayoganda ikipigwa na mwanga. Mashine inatandaza uji huo utando mmoja mwembamba, mwanga unachora umbo juu yake, panapopigwa panaganda, kisha unatandazwa utando mwingine juu yake. Chumba chetu kina taa za njano tu, kwa sababu mwanga wa jua ungegandisha uji wote ndooni. Mwishoni umbo linachomwa tanurini, gundi inaungua na kauri inabaki.

Mwaka jana mwalimu wangu, mama mmoja mpole, alimtaka kila mwanafunzi achague kitu cha kutengeneza. Wenzangu walichagua vipuri vya injini. Mimi nilitoa ile plasta, yaani chapa ngumu ya uso wako, niliyopewa na daktari wa meno wa Dar. Nikamweleza kwamba madaktari walipokutoa uvimbe waliondoka na taya lako la chini upande wa kushoto, na kwamba tangu hapo unakula ugali uliolowekwa mchuzi. Akasema tujaribu, lakini nisimwahidi mtu.

Tulihangaika. Mara unga ulizama chini ya chombo. Tulipouzidisha, uji ukawa mzito hata mashine ikashindwa kuutandaza. Tulipopata kipimo, tukachoma kwa haraka, na moshi wa gundi ukalipasua umbo ukitafuta pa kutokea. Katika kumi la mwisho la Ramadhani tulifungua tanuri tukalikuta zima. Nililiweka juu ya plasta likakaa mahali pake, nikaiona sura yako ya zamani, ile uliyokuwa nayo ukisoma Mchukwi. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia, na wapita njia wakadhani nimefiwa.

Ndipo nilipokutumia ile kadi ya Idi, nikikuahidi kuwa taya lako liko njiani. Mama ameniandikia yaliyofuata: kwamba wazee wa Bwanaheri walikuja kukuposa, nawe ukawajibu kuwa utaolewa taya litakapofika.

Sikudhani, taya halitakuja.

Mwalimu alimwita daktari wa upasuaji. Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akalisifu. Kisha akasema hakuna anayejua kauri hii itafanya nini ndani ya mwili wa mtu, na kabla ya kulitia kwa binadamu ni lazima lijaribiwe kwa wanyama miaka mingi. Akaomba tulibane kwenye mashine inayopima nguvu za kutafuna. Lilivunjika vipande viwili kabla halijafikia nguvu ya kutafuna hindi la kuchoma. Nilimwuliza, je, nikilifanya nene zaidi? Akanijibu taratibu kwamba labda wanafunzi wa wanafunzi wake ndio wataliweza. Masomo yangu yanaisha Septemba. Nitarudi mikono mitupu.

Ningeweza kukupigia simu Kibiti, lakini sikutaka uyasikie haya watu wakiwa wamepanga foleni nyuma yako.

Lipo jambo moja ambalo mama ameniandikia na huenda hakukwambia. Bwanaheri aliposikia jibu lako hakukasirika. Alimfuata mama jikoni akamwuliza unatafunia upande upi, ili kwao wajue namna ya kukupikia. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi. Mtu anayeuliza hivyo hangoji uso mwingine. Mimi ndiye niliyekuwa naungoja, nikadhani naungoja kwa ajili yako. Ukitaka kulia, lia kwanza. Kisha mjibu, na jibu liwe lako, lisiwe langu wala la taya.

Nisalimie mama, na shangazi Zabibu, na wote wanaoniulizia. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi kaka yako,
Haruni