Karatasi Niliyomwandikia Bwana Hervé

Angers, 18 Septemba 1994

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu, na umpe mdogo wangu Bodo zake kabla hajakunyang'anya barua. Hujambo? Kile kikohozi cha mwezi wa nane kimekuacha, au bado unamdanganya daktari kwamba kimepona? Mimi ni mzima.

Nyumba ina ghorofa mbili na chumba changu kiko juu kabisa, chini ya paa. Ukisimama vibaya unagonga kichwa, lakini nina kitanda changu peke yangu, jambo ambalo Bodo asilisikie. Bwana Hervé anachora ramani za majengo. Mkewe, Madamu Béatrice, yuko maabara ya hospitali. Aliniambia nimwite Béatrice tu, mimi na yeye ni sawa, na kwamba hata jina la kazi yangu, "au pair", lina maana hiyohiyo, kulingana. Ulimi wangu umekataa. Namwita Madamu, naye anakunja uso kidogo kila mara.

Watoto ni wawili. Clémence ana miaka minane, Antonin minne. Asubuhi nawavalisha, nawapa mkate na maziwa ya chokoleti, nawapeleka shule. Saa kumi na nusu nawachukua. Jumanne na Alhamisi mchana naenda darasa la Kifaransa, maana ndilo sharti la karatasi zangu za kukaa huku. Jumatano hawana shule, ndiyo siku yetu ndefu.

Clémence aliniambia, "Kifaransa chako ni cha kwenye vitabu." Nikamjibu, "Ndiko nilikokikuta." Akacheka, tangu hapo tunaelewana. Antonin yeye haongei sana. Anashika pindo la sweta yangu na kunifuata hata chooni.

Jumapili walipika wali kwa heshima yangu. Mama, waliuacha upoe mpaka ukawa baridi kabisa, wakauchanganya na samaki wa kopo, mahindi na nyanya, kisha wakautia siki. Bwana akaniuliza, "Kama wa kwenu?" Nikasema, "Karibu sawa." Mungu anisamehe.

Niandikie.
Mwanao, Haingo


Antsirabe, 16 Oktoba 1994

Mwanangu Haingo,

Sisi hatujambo, kwa kweli ya Mungu na si kwa kumdanganya daktari. Wewe je? Unalala vya kutosha? Miguu haikuumi na hizo ngazi?

Barua yako nimewasomea wanawake wa kwaya baada ya mazoezi. Nilipofika kwenye ule wali, Madama Ravao alilazimika kukaa chini. Anasema watu wanaokula wali wa baridi hawawezi kuwa wabaya, ni wa kuhurumiwa tu. Nimewaambia wote kwamba utakaa miaka miwili, urudi na cheti, ufundishe sekondari. Mchungaji naye amelitaja kanisani. Kwa hiyo ujue watu wanakuangalia hata huko uliko.

Mwite mwenye nyumba anavyotaka kuitwa. Na wao kwa wao wakitofautiana, nenda ukakunje nguo. Usisikie kitu. Mimi nilitumikia familia za kigeni hapa mjini miaka sita kabla hujazaliwa, najua ninachosema.

Bodo anauliza kama theluji ina harufu.

Mama yako


Angers, 20 Novemba 1994

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Mimi afya ninayo, ila nimechoka. Theluji bado, ni mvua tu. Mwambie Bodo nitanusa ikija.

Nguo nimekunja, Mama. Nimezikunja mpaka zimekwisha. Wanagombana kwa sauti ya chini, na hilo ndilo linalonitisha. Hakuna sahani inayovunjika. Unasikia tu mlango ukifungwa polepole, kisha Madamu anaingia jikoni na kuniuliza kama watoto wamekula, wakati ameniona mwenyewe nikiwalisha.

Siku hizi Bwana anarudi watoto wameshaoga. Madamu amechukua zamu za ziada. Ananiambia, "Haingo, leo tu, unaweza kuacha darasa?" Leo tu imekuwa mara tano. Mwalimu ameandika kwenye daftari lake kwamba sihudhurii, na daftari hilo ndilo linalopelekwa ofisi ya wageni. Nilimwambia Madamu. Akanishika mkono, akasema, "Najua. Nisamehe." Kesho yake akaniomba tena.

Clémence anauliza mambo. Jana njiani aliniuliza, "Kwenu watu wakiachana, watoto wanakwenda wapi?" Nikamwambia atazame gari. Gari lenyewe halikuwepo.

Mwanao, Haingo


Angers, 18 Desemba 1994

Mama mpendwa,

Hamjambo? Mimi sijambo.

Jumatano iliyopita Antonin aliungua mguu kwa maji ya moto bafuni. Madamu alikuwepo nyumbani. Mtoto alilazwa siku nne, sasa amerudi. Daktari anasema atatembea vizuri, ila kovu litabaki.

Krismasi njema kwenu wote.

Mwanao, Haingo


Antsirabe, 12 Januari 1995

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Vipi hali yako, na ya huyo mtoto? Tumemwombea kwa jina, ingawa Mchungaji alilitamka kwa namna yake.

Namhurumia mama yake. Mwanamke akichoka, macho yake yanatazama na hayaoni. Lakini namshukuru Mungu kwamba haikutokea mikononi mwako. Fikiria wangesema nini. Msichana wa kutoka mbali, na mtoto wa watu ameungua.

Barua yako ilikuwa fupi. Nadhani ni kwa ajili ya sikukuu.

Mama yako


Angers, 5 Februari 1995

Mama,

Salamu kwako na kwa Bodo. Nisamehe kwa kuchelewa. Sijaugua, nalala vibaya tu.

Bwana Hervé amehama. Amepanga upande wa pili wa mto, na mambo yao yako kwa jaji. Kila mmoja anataka watoto wakae kwake. Juzi alikuja kuningoja nje ya darasa, akanikaribisha kahawa, akaniuliza habari zenu kwa upole. Kisha akatoa karatasi.

"Jaji anataka maneno ya watu walioona," akasema. "Wewe ulikuwepo siku ile Antonin alipoungua."

Nikasema nilikuwepo nyumbani.

"Basi. Siombi uongo. Béatrice mwenyewe alimwambia daktari kwamba alimpa mtoto kisogo. Andika tu kwamba alimwacha peke yake kwenye hodhi la kuogea na kwamba uliona. Kwa mkono wako mwenyewe, na nakala ya kitambulisho."

Nikamwambia nahitaji kufikiri. Akakoroga kahawa yake, ingawa hakuwa ametia sukari.

"Karatasi zako zinaisha mwezi wa nane," akasema. "Kule ofisini jina lililo kwenye maombi ni langu. Nikisaini mwaka wa pili, unakaa, unamaliza masomo. Wewe ni msichana mwenye akili, Haingo."

Nifanye nini, Mama? Nakuomba unijibu upesi.

Mwanao, Haingo


Antsirabe, 26 Februari 1995

Mwanangu,

Nimekimbilia posta na barua hii, kwa hiyo salamu zichukue zilivyo. Tuko wazima.

Sioni unachoogopa. Mwanamke mwenyewe amekiri kwa daktari. Ukiandika yale aliyoyakiri, umemwongezea nini? Jaji ni mtu mzima, ataamua. Usipoandika, huyo Bwana hatasaini, nawe utarudi mwezi wa nane mikono mitupu, na mimi nitawaambia nini watu? Cheti hakijatoka, mwaka umekatika.

Andika, mwanangu. Andika maneno machache, kisha usilizungumze tena.

Mama yako


Antsirabe, 9 Aprili 1995

Haingo,

Hujambo? Mwezi umepita na wa pili unakwisha bila neno lako. Kila Jumamosi natuma Bodo kutazama sanduku la posta, na kila Jumamosi anarudi akisema watu wa posta wanamcheka. Je, unaumwa? Uliandika ile karatasi? Bwana amesaini?

Niambie tu kwamba u mzima. Mengine yatafuata.

Mama yako


Angers, 18 Juni 1995

Mama,

U hali gani, na Bodo amefanyaje mtihani wake? Mimi ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu ndilo uliloomba, na nimekuacha miezi miwili ukilingoja.

Karatasi niliiandika tarehe kumi na saba Machi. Na sasa nitakwambia jambo ambalo sikukwambia Desemba.

Aliyekuwa akimwogesha Antonin ni mimi. Madamu alikuwa chini, simu inalia, na huku anatafuta koti la Clémence. Akaniita, "Haingo, njoo mara moja." Ningeweza kujibu kwamba namwogesha mtoto. Ningeweza kumtoa majini nikamfunga taulo. Nilimwambia, "Usiguse kitu," nikashuka mbio. Koti lilikuwa nyuma ya mlango. Nilikuwa namfunga Clémence vifungo niliposikia ukelele. Alikuwa amefungua bomba la maji ya moto, na mguu wake ulikuwa chini ya maji hayo.

Madamu alitukimbiza hospitali kwa gari. Daktari alipouliza nani alikuwa na mtoto, nilifungua mdomo, naye akasema kabla yangu, "Mimi. Nilimpa kisogo." Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mimi ndiye niliyekuita. Na wewe wangekufukuza nchini." Nililia, naye akanipangusia uso kwa mkono wa koti lake.

Huyo ndiye niliyemwandika, Mama. Niliandika mistari tisa kwa mwandiko mzuri uleule ulionifundisha mezani. Nikaandika kwamba nilimwona.

Mwisho wa Machi jaji aliamua watoto wakae kwa baba yao, na mama yao awaone wikiendi moja ikipita nyingine. Bwana alinichukua kwenye nyumba yake mpya niendelee na kazi. Alisaini karatasi zangu bila kunizungusha, alitimiza neno lake. Antonin aliacha kunishika sweta. Si kwamba alijua kitu, bali kila jioni alikuwa akikaa karibu na mlango amevaa viatu. Nikimwambia avue, anasema, "Mama atachelewa." Hakuuliza, aliniarifu tu, kama mtu anayemtetea.

Nilivumilia wiki tano. Kisha Jumapili moja mwanzoni mwa Mei nikaenda kwa Madamu. Alinifungulia, akasimama mlangoni, hakunikaribisha. Nilimwambia, "Nataka kumwandikia jaji ukweli. Nimekuja uusome kwanza."

Aliusoma palepale kizingitini. Akausoma tena. Nikangoja anitukane.

"Nilipojitwisha lile neno," akasema, "sikujua ungelichukua na kunipigia nalo."

"Ndiyo, Madamu."

"Wakili wangu atakwambia kwamba kumwandikia jaji uongo ni kosa la kushtakiwa. Unajua?"

"Ameshaniambia mwalimu wangu wa darasani."

Akakunja karatasi. Clémence alikuwa nyuma yake kwenye ngazi, ilikuwa wikiendi yao. Sikujua alikuwa anasikia. Akasema, "Kwa hiyo ilikuwa wewe." Nikamjibu ndiyo. Akaniangalia sana, kisha akamwambia mama yake, "Mpe bahasha."

Bwana alinitoa nyumbani siku alipopata habari. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nilidhani una akili," akaniwekea sanduku langu kwenye lifti. Nalala kwa Danuta, msichana wa Kipolandi tunayesoma naye, kwenye godoro sakafuni. Amenipikia viazi kila siku na hajaniuliza kitu.

Tarehe tisa mwezi huu jaji alituita. Alinisomea karatasi zangu mbili kwa sauti, moja baada ya nyingine, akaniuliza ipi ni yangu. Nikasema zote mbili. Alinikaripia mbele ya watu, Mama, akasema mahakama si mahali pa kujaribia maneno, lakini hakunishtaki. Watoto wamerudi kwa mama yao siku za shule. Bwana atawaona wikiendi na nusu ya likizo.

Madamu alinipita kwenye korido ya mahakama. Alisimama, nikadhani atanena jambo kubwa. Akasema, "Kovu linapaushwa na jua. Daktari anataka tumpake mafuta." Kisha akaenda.

Karatasi zangu zimefutwa. Ndege ni tarehe ishirini Julai. Cheti sina, mwaka wa pili sina. Sikulaumu kwa ile barua yako ya Februari. Ulijibu uliloulizwa, na mimi ndiye niliyeuliza nusu. Lakini kama hutaki nije moja kwa moja nyumbani, kwa ajili ya watu, niandikie, nitakwenda kwanza kwa shangazi Tana.

Mwanao, Haingo


Antsirabe, 6 Julai 1995

Haingo, mwanangu,

Tu wazima. Bodo amefaulu. Kikohozi kimerudi, na safari hii nimemwambia daktari.

Nimeisoma barua yako peke yangu, mara nyingi kuliko nitakavyokwambia. Nilikasirika siku mbili. Nilimkasirikia Bwana, nikakukasirikia wewe, na yule mwanamke pia, kwa kukubebea mzigo bila kuniuliza mimi mama yako. Siku ya tatu hakubaki wa kumkasirikia isipokuwa mimi mwenyewe.

Unasema nilijibu ulichoniuliza. Si kweli. Mimi nilijua. Tangu ile barua ya Desemba nilijua. Wewe ambaye hueleza kila kitu mpaka rangi ya kifungo, uliandika kuungua kwa mtoto kwa mistari minne na kunitakia Krismasi njema. Nimekuzaa, nakujua unaponyamaza. Nilijua palikuwa na jambo, na sikuuliza, kwa sababu ningeuliza ungeniambia. Na ulipotaka ushauri Februari nilijua tena, nikakuandikia mbiombio ili nisifikiri. Miaka miwili nilikuwa nimeshaitangaza. Hayo ndiyo niliyoyatazama, si wewe, wala yule mtoto anayengoja amevaa viatu.

Jumapili nimewaambia wanawake wa kwaya. Sikuwasomea barua, ni yako. Nimewaambia kwa mdomo wangu kwamba mwanangu alikosea, na kwamba nilimsaidia kukosea, na kwamba amesahihisha peke yake. Wengine walitazama sakafu. Mmoja amehama kiti, na hilo nitalivumilia.

Usiende kwa shangazi yako. Nitakuwa uwanja wa ndege Ivato tangu asubuhi, na Bodo.

Madama Ravao ameuliza kama utaendelea na masomo hapahapa, au utafanya nini sasa. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Nikamwambia sijui, nitakuuliza mwenyewe ukifika, na kwamba nitangoja uniambie.

Mama yako