Mama Mkwe Amegoma Kuingia Kwenye Maktaba Niliyoichora

Shangazi yangu wa gazetini, shikamoo. Nisaidie mwanao kabla Jumatatu haijafika, maana nina furaha na nina balaa kwa wakati mmoja na sijui nianze na lipi.

Mimi ni mchoraji wa ramani za majengo, na mwaka huu nimepewa kazi ambayo ningeifanya hata kwa kulipwa chai, kuchora upya maktaba ya mtaa wetu, maana ile ya zamani ilibomolewa baada ya paa kuoza, na safari hii kamati haitaki chumba cha vitabu tu, inataka mahali pa mtaa mzima, mafundi cherehani wapate kona yao, wanafunzi wapate meza, wazee wacheze drafti, akina mama wenye vichanga wapate pa kukaa bila kutazamwa vibaya mtoto akilia, basi nikaona ramani ya karatasi watu hawaielewi, nikachukua chokaa nikaichora maktaba nzima pale pale kiwanjani kwa ukubwa wake halisi, kuta na milango, ili watu watembee ndani waniambie wapi panabana.

Shangazi, wamehamia. Sikutanii. Mafundi wameleta cherehani zao kwenye kona yao, wanafunzi wanakaa chini "chumbani" kwao na madaftari, wazee wa drafti wamekuja na mabenchi, na hakuna mtu anayeruka mstari, wote wanapita mlangoni, juzi muuza magazeti alikatiza akaambiwa na fundi mmoja arudi nje aingie vizuri kama watu, naye akarudi, tena akaomba radhi. Nikiwaona hivyo machozi yananilengalenga, kazi yangu haijapata hata tofali moja na tayari inakaliwa.

Sasa balaa lenyewe ni mama mkwe wangu, tunaishi naye, ndiye aliyekuwa mkutubi wa maktaba ya zamani mpaka akastaafu, mtaa mzima unamwita Mama Kimya na hata madereva wakipita pale walikuwa hawapigi honi. Nilipomwonyesha ramani aliitazama muda mrefu, akakunja miwani yake akasema, "Maktaba si sokoni. Hiyo ikijengwa, mimi humo siingii." Tangu siku hiyo hanisemeshi, tukila anamwambia mume wangu amwambie mkewe chumvi imezidi, na mkewe nimekaa hapo hapo, na mume wangu kazi yake kucheka tu. Cha ajabu kiwanjani haachi kwenda, kila siku anabeba kiti chake anakwenda kukiweka katikati ya njia, pale mlangoni ambapo nimepanga iwekwe mashine ya kuazimia vitabu, namwambia Mama hapo watu wanapita, anajifanya hasikii, anapiga soga na kila anayeingia, anawakumbusha wazee wa drafti vitabu ambavyo hawakurudisha enzi zile, wanacheka mpaka wanashika mbavu, watoto wakimwuliza wasome nini anawapa vitabu vya nyumbani kwetu, rafu ya sebuleni imebaki na kamusi peke yake.

Jumatatu nakabidhi ramani ya mwisho. Nikijenga ukuta kuitenga ile sehemu ya cherehani na drafti, mama ataridhika ila mtaa utanichukia, nikiiacha wazi mtaa utafurahi na mama atanisusa, na Shangazi, mimi nampenda yule mama, nilipoolewa ndiye aliyenipokea kama binti yake, sitaki kuifungua maktaba hii yeye akiwa amekaa nyumbani. Nifanyeje?

Ni mimi, Mkwe Mwenye Chokaa Mikononi

* * *

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka chai ikanipalia, kisha nikairudia mara ya pili nikakasirika kidogo. Nakupa vyote viwili.

Kwanza hongera. Watu kuomba radhi kwa kuruka ukuta wa chokaa, hilo si jambo dogo. Usimruhusu mtu yeyote akupunguzie hiyo furaha, hata wewe mwenyewe.

Sasa nikuseme. Kazi unaijua, lakini kwa mama mkwe wako umekuwa kipofu mchana kweupe. Eti anachukia kelele! Mtu anayechukia kelele angebaki nyumbani na kamusi yenu. Huyu anabeba kiti anakwenda kukaa panapochekwa kuliko pote, tena anayechekesha ni yeye. Kelele ni kisingizio, mwanangu. Rudi kwenye ramani yako. Fundi cherehani umempa kona, mzee wa drafti umempa nafasi, hata kichanga asiyejua herufi moja umemfikiria. Mkutubi umemweka wapi? Umeweka mashine. Mama wa watu aliitazama ramani muda mrefu kwa sababu alikuwa anatafuta meza yake, na hakuiona. Ulitaka aseme nini? Aombe kazi kwa mkwewe?

Na wala hakusubiri umpe. Anapokea watu, anadai vitabu, anaazimisha. Maktaba imeshafunguliwa, wewe unamwambia asogee, anaziba njia!

Basi usijenge ukuta wowote. Wanaotaka kimya wapelekee chumba chao nyuma, mbali na cherehani, hilo ni la ufundi na unalijua kuliko mimi. Mashine iweke pembeni kwa wenye haraka. Kamati iambie wazi kwamba jengo hili litakuwa na mtu mlangoni, na waulize kama mkutubi mstaafu anaweza kukaa hapo asubuhi. Wakikuletea habari za kumpa mkasi akate utepe siku ya ufunguzi, kataa. Utepe ni wa wageni.

Usimtume mumeo, huyo atacheka tu. Usiende na hotuba ya kuomba msamaha pia. Kesho mchukue mama mwende naye kiwanjani, umpe chokaa mkononi mwake, umwambie, "Mama, meza yako nilisahau kuichora. Tuiweke wapi?" Halafu nyamaza, mwache atembee, achague mwenyewe.

Akichora pale pale katikati ya njia, hamisha njia.