Kiti cha Mansi

Luanda Kotieno, Jumanne 12 Agosto 2025

Mpendwa Baba,

Habari za huko Ngoingwa, Thika? Natumaini wewe na Mama hamjambo, na goti lako limetulia. Najua hupendi meseji za mkato, kwa hivyo naandika barua nzima kwa simu.

Tuko salama ila tumekwama. Mimi na rafiki yangu Mansi tulitoka Kisumu Alhamisi kwa mtumbwi kuelekea Port Victoria, tukapiga kasia siku tatu bila shida. Jumapili simu ikaniambia jua kali, upepo mdogo, tukaingia majini. Haikupita saa moja, mawimbi yakaturudisha ufuoni tumelowa hadi soksi. Ndipo Mansi akagundua simu yangu ilikuwa inasoma hali ya hewa ya Ruiru. Huko Ruiru, mtaani kwangu Kimbo, kulikuwa na jua kweli. Wavuvi walicheka, kisha wakatuletea samaki.

Wanasema upepo huu ni wa siku kadhaa. Port Victoria bado ni mbali, na Jumamosi Mansi lazima awe Thika kwa harusi ya kaka yake, Dev.

Binti yako,
Perez

Thika, 13 Agosto

Kwa Perez,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima, goti linasumbua asubuhi tu. Mama yako amecheka hadi akamwaga chai.

Mimi nimezaliwa kando ya ziwa hilo. Wavuvi wakisema ngoja, ngoja. Lakini mbona usirudi tu na Mansi? Chuo uliacha mwaka wa pili, na duka la Mwihoko ukalifunga baada ya miezi minne. Wewe ni mtu wa kuanza, tumekuzoea. Njoo nyumbani, hakuna atakayekulaumu.

Baba yako

Luanda Kotieno, Ijumaa 15 Agosto

Baba,

Hamjambo huko? Mimi mwili ni mzima, ila barua yako imeniuma.

Mansi ameondoka asubuhi, na upepo umeanza kutulia mchana. Ndiyo bahati yangu. Mtumbwi huu unataka watu wawili. Vijana wa hapa wamejitolea kunivuta kwa injini hadi Port Victoria, nimekataa. Nikivutwa, utakuwa umesema kweli. Likizo yangu bado ina wiki moja. Nitangoja mtu wa kushika kasia la pili.

Binti yako

Thika, 15 Agosto, jioni

Perez,

Leo siulizi habari, nitaziona mwenyewe. Nilikukosea, mwanangu, nisamehe. Mtu wa kuanza tu angerudi siku ile ya soksi.

Nina likizo ya miaka mitatu ambayo sijaigusa. Nilipoiomba, Makau, msimamizi wetu kiwandani, aliuliza nani amefariki. Mama yako anasema nimerukwa na akili, lakini amenifungia chapati. Nafika kesho alasiri. Asikae mtu kwenye kiti cha Mansi.

Baba yako

Port Victoria, Jumatano 20 Agosto

Mpendwa Baba,

Mgongo unaendeleaje? Nauliza kwa barua kwa sababu unakoroma hapa kando yangu na sitaki kukuamsha. Siku ya kwanza ulipiga kasia kama mtu anayefukuza nyuki. Ya pili mikono yako ikakumbuka.

Jana tulipotia nanga, wazee wa hapa walikupongeza kwa kuvuka. Ulidhani sisikii, nilikuwa nafunga kamba. Ukawaambia, "Mimi ni abiria tu. Mwenye safari ni binti yangu, na ameimaliza."

Nilisikia, Baba. Nimefurahi sana.

Binti yako,
Perez