Mama, Leo Nimeuliza Nani Amechota Maji

Mama yangu,

Nina habari motomoto, na mtu wa kwanza niliyetaka kumpigia ni wewe. Lakini simu yako ninayo mimi, kwa hiyo nakuandikia.

Unakumbuka tulipokwenda zahanati pale Igalula? Ulikuwa na wiki nzima hulali kwa kifua. Mganga akakuuliza unaendeleaje, nawe, bingwa wa adabu, ukajibu unaendelea vizuri, ukamuuliza na yeye habari za kwao. Akakuandikia vidonge vya maumivu, tukatoka. Nilinuna njia nzima. Ukanicheka.

"Mgeni yule, hata hajajua natoka kwa nani, nianze kumlilia?"

Moyo wako ulikuwa umechoka, Mama. Tulikuja kuambiwa wakati umeshapita.

Tangu hapo baba akataka niwe daktari. Nilipochaguliwa shahada hii ya sayansi za afya hakufurahi. Nilimweleza kwamba tunasoma mwili, mila za watu, maadili, takwimu, hata namna ya kuzungumza na mgonjwa, na kwamba nikimaliza naweza kuendelea na udaktari, uuguzi au afya ya jamii. Akasema hiyo ni kande, mahindi na maharage chungu kimoja, kila kitu kimo humo. Tukakubaliana nisome mwaka mmoja, asiporidhika, nahama. Mwaka wenyewe unaisha mwezi huu, na mimi masomo haya nayapenda mpaka natembea nikijiongelesha.

Sasa sikia ya leo. Tulikuwa kwenye mazoezi, kliniki moja upande wa Ntalikwa. Akaingia bibi mmoja, kanga zake zimenyooshwa vizuri. Mganga akamuuliza hali, akajibu salama kabisa. Mganga akashika kalamu. Nikaomba dakika tano. Nikapiga goti, nikamwamkia kwa lugha ya kwetu, "Mwangaluka," nikamwacha amalize salamu zote: mvua, ng'ombe, watoto, na mimi ni binti wa nani. Halafu nikamuuliza nani amechota maji leo.

Akajibu, "Mjukuu. Mimi nikifika kisimani pumzi inakata."

Mganga akaweka kalamu chini, akamsikiliza kifua kwa makini, na kabla ya saa sita bibi alikuwa njiani kwenda hospitali kubwa mjini. Wamewahi, Mama!

Nilimpigia baba nikiwa bado na koti jeupe. Akauliza jambo moja tu: nani amenifundisha kuuliza maji? Nikamwambia tumesoma darasani kuuliza kazi za nyumbani, lakini maji nimeyatoa kwako, Mama. Wiki zako za mwisho nilikuwa nachota mimi, na hakuna mtu aliyeuliza kwa nini.

Baba akasema, "Endelea na kande yako."

Nimefurahi, nimelia, nimefurahi tena. Nisalimie wote huko, Mama. Na wakikuuliza hali, safari hii sema ukweli.

Ni mimi,
binti yako mchota maji